Masanduku mawili ya Ngamiani: santuri au kanda?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, ninaishi Chumbageni hapa Tanga. Kuna kijana anayeuza vitu vilivyotumika kule Ngamiani ambaye ameletewa masanduku mawili kutoka kwenye nyumba iliyouzwa. Moja lina santuri, kubwa kwa ndogo, na jingine limejaa kanda za kaseti, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa kalamu tu. Santuri moja anaiuza shilingi 5,000 na kanda moja shilingi 1,000. Nina shilingi 60,000 na sina hata chombo cha kupigia. Nichukue zipi, na nitajuaje kama bado ni nzima?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nashukuru umeuliza kabla ya kununua, kwa sababu wengi huniletea mzigo ulioshalipiwa, na hapo kinachobaki kwangu ni kuwaelekeza namna ya kuusafisha. Ushauri wangu ni kwamba uanze na sanduku la kanda, na ndani ya sanduku hilo uanze na zile zilizoandikwa kwa kalamu. Najua santuri ndizo zinazovuta macho, kwa ukubwa wake na kwa picha za majalada yake, na muuzaji mwenyewe amezipa bei mara tano ya kanda. Hata hivyo, kila utakachokishika mkononi kiulizie jambo moja: kikitupwa leo jalalani, je, sauti iliyomo itapatikana kwingine? Kwa kanda nyingi za kalamu jibu ni hapana, na kwa santuri nyingi kubwa jibu ni kwamba itapatikana kwa urahisi.

Tuziangalie hizo santuri kubwa, zile za inchi 12 zinazozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Ukizipekua utakutana na Jim Reeves, Boney M., ABBA, na kwaya za Krismasi za Ulaya. Baadhi zilinunuliwa mpya na wenyeji wa mji huu waliokuwa na kipato, kwani Jim Reeves alipendwa mno Afrika Mashariki, na nyingine zilikuja baadaye pamoja na samani na vyombo vya mtumba. Muziki huo ulitolewa kwa mamilioni ya nakala na unaendelea kutolewa upya. Ukiwa unampenda Jim Reeves, nunua moja umsikilize kwa raha zako, wala hakuna ubaya. Ila fedha yako ni kidogo na sanduku halitakusubiri, kwa hiyo zisikutangulie.

Santuri ndogo za inchi 7, zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika, ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba usome kila lebo polepole. Mji wetu ulikuwa na bendi mbili kubwa za dansi, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na vilikuwapo vikundi viwili vya taarabu ambavyo sifa zao zilienea mwambao mzima, Black Star na Lucky Star. Bi Shakila Said, mzaliwa wa Pangani aliyefariki dunia mwaka 2016, aliimba katika vyote viwili. Santuri za vikundi hivyo kwa sehemu kubwa zilitolewa na makampuni ya Kenya, na ndiyo sababu utaona jina la Nairobi au la Mombasa kwenye lebo ya muziki uliotungwa hapa hapa Tanga. Ukiona lebo ya Mzuri, hiyo ilikuwa ya nyumba ya Assanand ya Mombasa, iliyotoa taarabu nyingi ya mwambao. Itoe sandukuni uiweke pembeni kabla hujatazama nyingine. Vilevile usiipite santuri ya bendi ya Simba Wanyika kwa kudhani kwamba ni ya Kenya tupu. Ndugu Wilson na George Kinyonga walianzia Jamhuri Jazz hapa Tanga katika miaka ya 1960, wakahamia Arusha mwaka 1970, kisha wakavuka kwenda Kenya mwaka 1971, ambako ndiko jina la Simba Wanyika lilikozaliwa.

Kumbuka pia kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Santuri ya Nairobi ya miaka hiyo iliyofika Ngamiani ilipita njia ngumu, na aliyeileta hakuileta kwa bahati mbaya. Kwa sababu hiyo, hata ikiwa na mikwaruzo kiasi, ya aina hiyo ninaichukua.

Jambo dogo ambalo wanunuzi wapya hulikosea: upande mmoja wa santuri ya inchi 7 haubebi zaidi ya dakika nne au tano kwa sauti nzuri, ilhali wimbo wa dansi uliweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Watengenezaji waliukata wimbo katikati. Upande wa kwanza una mashairi, na upande wa pili, ulioandikwa sehemu ya 2, una magitaa yakichemka. Kwa hiyo usiiache santuri eti kwa kuwa pande zote mbili zina jina lile lile. Huo ni wimbo mmoja mzima, na mara nyingi utamu wake umo nyuma.

Sasa kanda. Kuanzia miaka ya 1970 nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na nyingi miongoni mwake hazikupata kutolewa kwenye santuri wakati ule. Mtu aliyezitaka aliweka redio kaseti mezani, akasubiri kipindi, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Hizo ni kanda za aina ya kwanza. Aina ya pili ni nakala zilizotengenezwa madukani, ambako fundi alikuwa na kanda mama na kumnakilia mteja kwa malipo. Mombasa duka la Mbwana Radio Service lilijulikana sana kwa kanda za taarabu. Aina ya tatu, ambayo ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu huu, ni kanda za shughuli zenyewe: taarabu ya harusi, maulidi, kasida za watoto wa madrasa, ngoma za kina mama, hotuba ya mzee fulani siku ya kumwoza bintiye. Mtu aliweka redio yake karibu na spika na kurekodi usiku kucha. Kanda ya namna hiyo haina nakala ya pili popote duniani. Katika kanda moja ya taarabu ya harusi niliyoinunua miaka mingi iliyopita, mwimbaji anakatizwa na vigelegele, kisha anasikika mama mmoja karibu kabisa na maikrofoni akimwambia mtoto asogee asikanyage waya. Hakuna studio iliyoweza kutupa hayo.

Unapozikagua, usiliamini kasha. Kanda na makasha hubadilishana katika nyumba yenye watu wengi, kwa hiyo soma lebo iliyobandikwa kwenye kanda yenyewe. Kisha igeuze utazame mgongo wake, upande ulio kinyume na ule ambao utepe unaonekana. Pembeni kuna vijibati viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kanda. Vikiwa vizima, kanda inaweza kurekodiwa upya juu yake. Vikivunjwa, kitufe cha kurekodia hakibonyezeki. Mwenye kanda aliyevivunja kwa ncha ya kisu alitaka kilichomo kisifutwe na mtu yeyote wa nyumbani mwake. Mimi nikiona kanda ya kalamu iliyovunjwa vijibati vyote viwili, hata kama maandishi yamefifia hayasomeki, ninainunua bila kusita.

Kisha chukua penseli ya kawaida yenye pembe sita, ichomeke kwenye tundu moja la kanda na uzungushe taratibu. Izunguke bila kukwama. Ikiwa nzito, utepe ama umegandana ama umejaa ukungu, na kwa unyevu wa mji huu ukungu ndio adui wa kwanza. Elekeza kidirisha cha kanda kwenye mwanga: ukingo wa utepe unatakiwa uwe wa rangi moja, kahawia au nyeusi, uliolala sawasawa. Ukiona unga mweupe au madoa mfano wa chokaa, kanda hiyo usiitie kwenye redio yoyote kabla ya kusafishwa, maana ukungu utahamia kwenye redio na kutoka hapo utaambukiza kanda nyingine zote. Mwisho, angalia katikati ya sehemu ya wazi, nyuma ya utepe. Kuna kibati chembamba chenye kipande kidogo cha felti kinachousukuma utepe ugusane na kichwa cha kusomea. Gundi ya felti hiyo huisha nguvu kwa miaka, kipande kikadondoka, na sauti ikawa ya mbali, inakuja na kupotea. Watu huitupa kanda wakidhani imekufa. Haijafa. Ikiwa imefungwa kwa skrubu, fundi ataihamishia kwenye ganda la kanda nyingine nzima kwa muda mfupi. Zile ambazo ganda lake limeunganishwa moja kwa moja bila skrubu zinahitaji mkono wenye uzoefu zaidi, lakini nazo hufunguliwa.

Kuhusu urefu, kanda iliyoandikwa C60 ina dakika 60 kwa pande zote mbili, na C90 ina dakika 90. Kadiri urefu unavyoongezeka ndivyo utepe unavyokuwa mwembamba, hata C120 ina utepe wa takriban nusu ya unene wa C60. Hizo C120 ndizo zinazoliwa na redio mara kwa mara. Zinunue, lakini usizipeleke mbele na nyuma ovyo.

Turudi kwenye santuri na ukaguzi wake. Usiikague ndani ya kibanda. Muombe kijana akuruhusu utoke nazo mlangoni, au washa tochi ya simu, uilaze santuri karibu na kiwango cha macho na kuruhusu mwanga upite juu yake kwa mshazari. Mkwaruzo unaouona lakini ukiupitishia ukucha kwa wepesi hausikii kitu, kwa kawaida utatoa mchakacho mdogo tu. Ule ambao ukucha unaukwaa utafanya sindano iruke au ikwame pale pale. Kibaya zaidi ya mkwaruzo ni kulika. Santuri iliyopigwa kwa miaka na sindano butu hupoteza weusi wake wa kung'aa na kuwa ya kijivu kwenye mifereji, na hiyo hakuna sabuni wala fundi atakayeirudisha. Tazama pia kuzunguka tundu la katikati: mistari myembamba mingi kwenye lebo inaonyesha kwamba santuri iliwekwa na kutolewa mara nyingi mno. Halafu ishike usawa wa macho uone kama imepinda. Kupinda kidogo kunavumilika. Iliyojikunja mithili ya chapati iliyoachwa juani iache.

Ukikuta sahani nzito, nene, zinazotoa mlio wa kigae ukizigusa kwa kidole, hizo ni za mizunguko 78, za zamani kuliko zote. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za aina hiyo. Zilitengenezwa kwa shelaki, ambayo ndiyo ile ile ambayo mafundi seremala huiyeyusha kwenye spiriti na kupolishia samani. Zinavunjika kama sahani ya udongo, kwa hiyo usizibebe katika mfuko wa plastiki zikiwa zimelegea. Na tafadhali sana, usiziguse kwa spiriti. Nilipokuwa kijana ninayejifunza ufundi, nilikabidhiwa santuri moja ya Kiswahili ya mizunguko 78 niisafishe, nami nikatumia spiriti ile tuliyosafishia vichwa vya redio. Kitambaa kilitoka cheusi. Niliendelea kusugua nikifikiri ninatoa uchafu, kumbe ninafuta mifereji yenyewe, na nilipoinua mkono palikuwa na kiraka laini, kinachong'aa, kisicho na sauti tena. Mwenye santuri alikuwa mzee wa makamo, hakunigombeza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sidii nitazipita haraka. Ikiwa umeziona sandukuni, ielekeze moja kwenye taa upande wa lebo ukiwa juu. Ukiona vitundu vya mwanga, tabaka la kusomea limebanduka na sehemu hiyo haitasomeka. Mikwaruzo ya upande wa chini inaweza kung'arishwa, ya upande wa lebo haiwezi. Zile zilizochomwa kwenye kompyuta, ambazo chini yake zina rangi ya kijani au buluu, hazidumu kama za kiwandani, hivyo ukichukua yoyote inakili wiki hiyo hiyo.

Sasa chombo. Kwa kuwa utaanza na kanda, unachohitaji kwanza ni redio kaseti, na hapa Tanga bado utaipata kwa mafundi redio kuliko madukani. Kabla ya kuilipia, au ukiazima, fungua mlango wake utazame gurudumu dogo la mpira linalosukuma utepe. Likiwa limeng'aa kama kioo au limepasuka, ndilo litakalokula kanda zako. Mwombe fundi alisafishe, na vichwa avisafishe kwa spiriti, kisha mjaribishe kwa kanda isiyo na thamani. Kanda iliyolala miaka mingi ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe hadi mwanzo, ndipo uipige.

Gramafoni isubiri kidogo. Ikitokea umepata ya mtumba, soma maandishi ya umeme nyuma yake. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inataka volti 120, ya Japani volti 100, na umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Hata ukiwa na transfoma, mota za aina fulani hufuata mapigo ya umeme, ambayo Marekani ni 60 kwa sekunde na kwetu ni 50, kwa hiyo muziki utakwenda polepole kwa takriban asilimia 17 na Bi Shakila atasikika kama mwanamume. Sindano uibadilishe bila kujali muuzaji anasema nini, kwa kuwa sindano butu ndiyo iliyozifanya santuri nyingi kuwa za kijivu. Kwa vichwa vingi vya sumaku uzito unaofaa wa sindano juu ya santuri ni kati ya gramu 1.5 na 2.5. Santuri za mizunguko 78 zinahitaji sindano yake pana. Usizipige kwa ya kawaida.

Kuosha santuri za plastiki si kazi ngumu. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri za magari, lakini soma chupa vizuri uhakikishe si tindikali. Maji ya bomba ya pwani yana chumvi na yakikauka huacha weupe ndani ya mifereji. Weka tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, pitisha ukifuata mzunguko wa mifereji wala usikate katikati, na lebo isipate maji. Suuza kwa maji hayo hayo yasiyo na sabuni, uzisimamishe kivulini zikauke. Ukishamaliza, zihifadhi zikiwa zimesimama wima kama vitabu, mbali na dirisha, na kamwe usiziweke darini chini ya bati wala ndani ya gari. Kanda nazo ziwe mbali na spika kubwa, kwa sababu sumaku yake inafuta.

Sanduku la kanda la nyumba moja lina faida ambayo itapotea ukilichambua vibaya. Mwandiko mmoja unaojirudia kutoka kanda moja hadi nyingine, tarehe, jina la mtaa, hata aina ya kalamu, vinaelezana. Kabla hujachagua, piga picha masanduku yote mawili yalivyo, halafu kila lebo. Mwulize kijana nyumba ilikuwa mtaa gani na ilikuwa ya nani, uandike anachokueleza siku hiyo hiyo. Ukishanunua, nakili kanda kwenye kompyuta katika faili za WAV, si MP3, na usizipunguze kelele wala kuzikata. Hiyo iwe nakala ya kuweka, na ukitaka kuzipamba tengeneza nyingine. Programu ya Audacity inatosha na haiuzwi. Dakika moja huchukua takriban megabaiti 10, hivyo kanda nzima ya C60 ni kama megabaiti 600. Kumiliki kanda au santuri hakukupi haki ya kuuza nakala zake wala kuzisambaza mtandaoni, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na wasanii, na mambo hayo husimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA. Kanda ya harusi ina pia watu wasio wasanii ndani yake. Ukiwatambua wenye shughuli, wapelekee nakala kabla hujamsikilizisha mtu mwingine.

Kwa shilingi zako 60,000, ningefanya hivi. Mwambie kijana utachukua kanda zote zilizoandikwa kwa kalamu ambazo penseli inazizungusha, na umwombe bei ya jumla. Hata asipopunguza, 25 ni shilingi 25,000. Chukua santuri ndogo tatu za taarabu au dansi ya kwetu, shilingi 15,000, ukianza na zenye lebo ya Mzuri. Shilingi 20,000 zinazobaki usizitumie pale kibandani. Hizo ni za fundi, za kusafisha redio kaseti utakayoazima kwa ndugu au jirani, na za kuhamisha kanda zilizodondoka felti. Zenye ukungu ziache kando kwa leo, lakini mwombe kijana asizitupe. Mwachie namba yako ya simu, umwambie utazirudia mwisho wa mwezi.